Kuacha sigara: kwa nini siku ya tatu inawarudisha watu, na kijiwe cha kahawa ukifanyeje?

Mkazi wa Tandika ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa watu wanaoijua hii kazi, maana "jikaze tu, ni akili yako" nimeshaisikia ya kutosha.

Hali yenyewe ni hii: sigara 15 kwa siku, miaka 9 sasa. Zinanunuliwa moja moja kibandani, nyumbani hakuna pakiti. Ya kwanza ni dakika 10 baada ya kuamka, hata mswaki bado. Nne au tano zinaishia kijiweni jioni pamoja na kahawa, vikombe vitano hivi, na pale pale kijiweni ndipo mikeka ya kubeti inapotandikwa. Nimeacha mara tatu, na zote tatu zimeishia siku ya tatu: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi unakata, hasira kwa kila aliyemo nyumbani.

Kwa nini siku ya tatu? Bora kupunguza au kuacha siku moja? Dawa za nikotini zinatumikaje? Na kijiwe, je, lazima nikihame? Pale ndipo walipo watu wangu wote. Kubeti nako nataka niache, ila sijui nianze na kipi.

---

Muuguzi wa Ilala amejibu:

Mkuu, karibu. Katika yote uliyoandika, hizo dakika 10 baada ya kuamka ndizo zinazonieleza zaidi, kuliko hata hesabu ya sigara 15. Anayevuta ndani ya nusu saa tangu aamke, mwili wake umeizoea nikotini sana. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajikaze tu ni kumwonea.

Siku ya tatu ina sababu yake. Nikotini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Ukizima ya mwisho saa 4 usiku, kesho yake jioni karibu yote imeshatoka. Arosto, yaani taabu ya mwili ukikosa nikotini, huanza ndani ya saa chache, hupanda, hufika juu kabisa siku ya pili na ya tatu, halafu hushuka pole pole kwa wiki 2 hadi 4. Kwa hiyo mara zote tatu umerudi ukiwa kileleni mwa mlima, mahali ambapo kilichobaki ni kuteremka.

Sasa soma hapa kwa makini. Hasira na kukosa utulivu ni arosto ya nikotini, hilo halina ubishi. Lakini moyo kwenda mbio? Mtu akiacha sigara, mapigo ya moyo kwa kawaida hushuka. Yakipanda, pamoja na mikono kutetemeka na usingizi kukata, mimi naitazama kahawa kwanza. Moshi wa sigara unalichochea ini liivunje kafeini haraka, karibu mara mbili ya kasi ya asiyevuta. Ukiacha kuvuta, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na kafeini inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Vikombe vyako ni vile vile vitano, lakini mwili unavipokea kama vile ungekunywa tisa au kumi. Wewe unadhani ni arosto, unakwenda kibandani, unawasha, na unaamini kabisa kwamba sigara ndiyo imekutuliza.

Kwa hiyo siku ile ile unayoacha sigara, kahawa iwe nusu: vikombe viwili, kile cha mwisho kisipite saa 10 jioni. Vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu navyo uviweke kwenye hesabu hiyo hiyo, kwa sababu kafeini ni ile ile. Ukishapunguza na moyo bado unadunda vibaya kwa zaidi ya siku chache, au ukipata maumivu ya kifua, nenda kituo cha afya ukapimwe. Usikae nyumbani ukikisia.

Kupunguza au kuacha siku moja: kuna utafiti ulifanyika Uingereza, ukachapishwa 2016, wavutaji 697. Nusu walipunguza kwa wiki 2 kabla ya siku ya kuacha, nusu waliendelea kama kawaida kisha wakaacha siku hiyo moja. Baada ya wiki 4, walioacha siku moja asilimia 49 walikuwa bado hawajavuta, waliopunguza asilimia 39. Makundi yote mawili yalipewa nikotini ya dawa na mtu wa kuzungumza naye. Na kuna sababu ninayoiona kwa wanaonunua moja moja: ukitoka 15 ukafika 6, hizo 6 unazivuta kwa pafu refu hadi kichungi kinaungua, na kila moja inakuwa na thamani kuliko zilivyokuwa zile 15. Unajifunza kuipenda zaidi.

Basi weka siku. Isiwe wiki ya Simba na Yanga, wala siku ya mshahara. Siku nne kabla yake, kila sigara unayovuta iandike kwenye simu: saa ngapi, uko wapi, uko na nani, na hamu ilikuwa kali, ya kati au hafifu. Usipunguze bado, andika tu. Utagundua kati ya zile 15 zenye hamu kali ni tano au sita, nyingine mkono umekwenda wenyewe.

Zenye hamu kali zipangie kazi moja moja. Ya asubuhi: badilisha mpangilio wa dakika 20 za kwanza. Toka kitandani moja kwa moja hadi bafuni, oga kabla ya kitu kingine chochote, mswaki, ndipo utoke uani. Ya baada ya chakula: inuka palipo sahani, nawa, tafuna karafuu mbili au mti wa mswaki. Mswaki wa mti unafaa mno, na sijui kwa nini hausemwi sana, maana unaupa kazi mkono na mdomo kwa pamoja, hauna sukari, na hapa mjini hakuna anayekushangaa ukiwa nao. Wimbi moja la hamu kwa kawaida ni dakika 3 hadi 5. Ukipata cha kufanya kwa dakika hizo linapita lenyewe, hata usipolipiga vita.

Halafu kibanda. Unakijua kile kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba kwenye nguzo, kinaning'inia usawa wa kifua, plastiki yake imeshafifia kwa vidole vya watu. Anayenunua moja moja hana kiberiti mfukoni, kwa hiyo kile ndicho chake. Mkono ukizoea kukifikia, huko kukifikia ndio uvutaji wenyewe umeshaanza. Wiki 3 za mwanzo usinunue kitu chochote pale, hata vocha. Zunguka mtaa wa pili. Na mwenye kibanda mwambie uso kwa uso: "Kaka, mimi nimeacha, nikija usiniuzie." Wengi watakuheshimu, na hata asipokuheshimu, umeshaweka aibu kidogo kati yako na sigara.

Kijiwe usikihame moja kwa moja. Siku 10 za kwanza usiende kabisa, waambie wenzako sababu. Ukirudi, fika baada ya kula, kaa upande unaotoka upepo, mkono mmoja kikombe cha maji na mwingine kashata, ondoka kikombe kikiisha. Mwombe mmoja tu kati yao, yule unayemwamini, asikupe hata ukiomba.

---

Famasia Kariakoo amejibu:

Nimshukuru muuguzi, hasa kwa hilo la kahawa. Niongeze jambo: kinachochochea ini ni moshi, nikotini haihusiki. Kwa hiyo hata ukitumia dawa za nikotini, kahawa bado uipunguze. Na kama kuna mtu anasoma hapa anatumia aminofilini ya pumu, au olanzapini ya magonjwa ya akili, ajue dawa hizo nazo hupita njia ile ile ya ini. Ukiacha sigara kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda, kwa hiyo mwone daktari wako kabla ya siku ya kuacha ili aangalie dozi.

Dawa za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Usizitafute kwenye duka dogo la dawa mtaani. Piga simu famasi kubwa za mjini, uliza kwanza kabla hujapanda daladala, na ukipewa boksi angalia tarehe ya kuisha na kama limefungwa.

Ya kutafuna ipo ya miligramu 2 na ya miligramu 4. Wewe wa dakika 10 unahitaji ya 4. Na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, wanaitafuna kama bazoka ya kawaida. Ukifanya hivyo nikotini inamezwa na mate, tumbo linachafuka, unapata kwikwi, na kichwa hakipati kitu. Unaing'ata taratibu mara kadhaa mpaka usikie ukali kama wa pilipili, unasimama. Unaibana kati ya shavu na fizi. Ukali ukiisha baada ya dakika moja hivi, unang'ata tena, unaibana upande wa pili. Hivyo hivyo kwa nusu saa. Wiki 6 za mwanzo ni moja kila saa 1 hadi 2, bila kuvuka 24 kwa siku. Wiki ya 7 hadi ya 9 moja kila saa 2 hadi 4, wiki ya 10 hadi ya 12 moja kila saa 4 hadi 8. Usinywe kahawa, soda wala juisi robo saa kabla yake na wakati iko mdomoni, kwa kuwa uchachu wake unaizuia nikotini isipite kwenye ngozi ya mdomo.

Ya kubandika kwenye ngozi: kwa anayevuta zaidi ya 10 kwa siku, miligramu 21 wiki 6, halafu 14 wiki 2, halafu 7 wiki 2. Joto letu hili linaibandua. Oga, jikaushe vizuri, subiri jasho likauke mbele ya feni, usipake mafuta wala losheni mahali hapo, bandika juu ya mkono au mgongoni pasipo na nywele, gandamiza kwa kiganja sekunde 10. Kesho badilisha mahali, la sivyo ngozi itawasha. Ikikuletea ndoto nzito unaweza kuivua usiku, ila kwa mtu ambaye adui yake ni sigara ya alfajiri, mimi ningependa ivumiliwe hadi asubuhi, ili uamke nikotini ikiwa bado imo. Ya kubandika na ya kutafuna zinaweza kutumika pamoja: ya kubandika inashika siku nzima, ya kutafuna unaiweka kwa ajili ya saa ya kijiwe.

Mjamzito, aliyepata shambulio la moyo karibuni, au mwenye moyo unaoruka mapigo, azungumze na daktari kwanza.

---

Mkazi wa Tandika:

Wakuu, sina la kusema zaidi ya ahsante. La kahawa halijawahi kunipita kichwani. Swali dogo: Ramadhani nafunga bila shida hadi jioni, halafu futari tu, sigara. Hiyo inamaanisha nini? Na la mikeka mtu anisaidie.

---

Muuguzi wa Ilala:

Inamaanisha mengi. Mfungo hapa Dar ni zaidi ya saa 13. Kwa hesabu ya nusu kila saa 2, unapofika Magharibi umebaki na kama asilimia moja ya nikotini uliyokuwa nayo alfajiri, na ulifanya kazi, ulipanda gari, ulisali. Hamu ilikuja kwa nguvu saa ya mwisho, ulipojua kuwa ruhusa iko karibu. Kumbe sehemu kubwa ya hamu inafuata ruhusa. Ndiyo maana "nitavuta moja tu kijiweni" ni mpango mbaya: unaifungulia hamu mlango kuanzia saa 9 alasiri. Aliyeacha kabisa hana saa ya kusubiri. Ukitaka kutumia Ramadhani kama mwanzo, kazi yako yote iko kwenye nusu saa baada ya futari, si mchana.

---

Mhasibu wa Ubungo amejibu:

Nijibu la mikeka, na nianze na hesabu, maana watu wengi hawajawahi kuonyeshwa.

Chukua mkeka wa timu 10, zote "za uhakika", kila moja ina nafasi ya asilimia 70 kushinda. Nafasi ya zote 10 kushinda ni chini ya asilimia 3. Kwa bei ya haki, timu moja ya namna hiyo ingekuwa na odi (kile kinachozidishwa na pesa uliyoweka) 1.43 hivi, na mkeka mzima ungelipa mara 35. Kampuni inakupa odi 1.35. Tofauti inaonekana ndogo, senti 8 tu. Zidisha 1.35 kwa yenyewe, timu zote 10: mkeka unalipa mara 20. Yaani kwa shilingi 1,000 ulistahili kama 35,400, utapewa kama 20,100, na hiyo ni pale unaposhinda. Kila timu unayoongeza inaongeza makato. Mkeka mrefu ndio unaopendwa na muuzaji.

Kinachomfunga mtu hasa ni ule mkeka uliochanwa na timu moja. Tisa zimetiki, ya kumi imesawazishwa dakika ya 88. Kwa pesa, hiyo ni hasara sawa na ya aliyekosa zote. Kwa kichwa, inapokelewa kama "nilikuwa karibu", na mtu anatandika mwingine usiku huo huo. Michezo ya haraka ya kubeti kwenye simu, kama ule wa kindege, ni mibaya zaidi kwa tabia, kwa kuwa mzunguko mmoja ni sekunde chache, unacheza mara 100 kabla chai haijapoa. Mpira angalau unakulazimisha kungoja dakika 90.

La kufanya. Usifute programu peke yake, ni dakika mbili kuirudisha. Ingia kwenye akaunti, tafuta sehemu ya kujifungia, na kama haipo waandikie huduma kwa wateja kwamba unataka akaunti ifungwe kabisa, uhifadhi jibu lao. Fanya hivyo kwa kila kampuni uliyojisajili, siku moja, kwa sababu ukibakiza moja pesa yote itahamia huko. Zuia namba zinazotuma ujumbe wa bonasi. Jitoe kwenye makundi ya watoa mikeka.

Halafu pesa. Laini inayoingiza mshahara au mauzo isikae kwenye simu unayotembea nayo kijiweni. Siku pesa inapoingia, lipa kwanza kodi, LUKU, ada na mchango wa VICOBA, kinachobaki kigawe kwa wiki. Zile huduma za kukopa papo hapo kwenye simu zizime au usijiunge, kwa kuwa mtu anayekimbiza hasara akimaliza chake anaanza cha kukopa. Mwambie mke au ndugu mmoja deni lako lote kwa tarakimu, ukiwa na karatasi. Deni la siri ndilo linalotafuta mkeka wa kulilipa.

Uanze na kipi? Kwako vitu viwili vinakaa kwenye benchi moja, saa moja. Zile siku 10 za kutokwenda kijiweni zinakata vyote viwili. Funga akaunti siku mbili kabla ya siku ya kuacha sigara, usije ukawa na wiki ya arosto na simu iliyo wazi mkononi. Na kama sigara ni shilingi 300, sigara 15 ni 4,500 kwa siku, 135,000 kwa mwezi. Hiyo isibaki mkononi, la sivyo itakuwa mtaji wa mikeka. Itumbukize kwenye kibubu kila jioni, au mpe anayekutunzia.

---

Mama Sinza amejibu:

Nimesoma yote, naongeza mawili tu, kwa kuwa najua wengine wanaosoma hapa shida yao ni pombe na watataka kufuata ushauri wa kuacha siku moja.

Pombe siyo sigara. Anayekunywa nyingi kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate kidogo, asiache ghafla akiwa peke yake chumbani. Degedege linaweza kumpata kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho, na kuchanganyikiwa na kuona vitu kunaweza kufuata siku ya pili hadi ya nne. Hilo linaua. Apelekwe hospitali: Amana, Mwananyamala, Temeke au Muhimbili, aeleze kwa ukweli anakunywa kiasi gani kwa siku. Atapewa dawa za kumtuliza pamoja na vitamini B1, aache akiwa chini ya uangalizi.

La pili ni hizi "siku 21" zinazosemwa kila mahali. Mkuu, usijiwekee hiyo tarehe. Chuo kimoja cha London kilifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, wastani ukawa siku 66, kuanzia 18 hadi 254. Na waliokosa siku moja moja hawakurudi mwanzo. Kwa sigara hilo la kukosa ni hatari zaidi, kwa kuwa nikotini ya pafu moja inaamsha yote. Lakini ikitokea umevuta moja, usinunue ya pili kwa hoja kwamba "nimeshaharibu". Rudi nyumbani, andika ilikuwa saa ngapi, wapi na nani, ya kubandika iendelee kama kawaida, na asubuhi uanze na kuoga kama ulivyopanga.

---

Mkazi wa Tandika:

Nimeelewa, dada. Akaunti mbili za mikeka nimeshaziandikia zifungwe, ya tatu wanataka kitambulisho, nakituma leo. Kuandika sigara naanza kesho asubuhi, siku ya kuacha ni Jumamosi. Famasia, niambie: nikianza na ya kubandika Jumamosi asubuhi, niibandike kabla ya kuoga au baada?

---

Famasia Kariakoo:

Baada. Ngozi ikauke kwanza. Ya Ijumaa usiku iwe ndiyo sigara ya mwisho, usivute ukiwa umeibandika.